Breki za Kigari cha Kaka

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa kwenye majaruba ya Ndungu, miguu ndani ya tope, nahangaika na pawatila, kile kitrekta cha mkono, iliyozimika katikati ya mpunga wa mtu. Hakungoja nimwamkie. Alisema, "Breki zimenitupa."

"Zimekutupa wapi, kaka?"

"Njia ya Makanya, nimeshuka kidogo tu kutoka nyumbani. Mimi mzima. Gari nimelipeleka kwenye ukingo wa mlima kwa makusudi, likasimama. Ningeliachia liende upande wa bondeni, saa hizi ungekuwa unaongea na shemeji yako."

Nilimuuliza kama ameumia, akasema amechubuka kiwiko. Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake ya darasani, "Dramu sizitaki tena. Nataka diski mbele. Njoo."

Mimi kaka akiniita huwa naenda. Yeye ndiye mkubwa kwetu na mimi ndiye kitinda mimba. Baba alipofariki nilikuwa sijaanza hata shule, na kaka ndiye aliyenilea mpaka nikaweza kujitegemea. Alifundisha masomo ya ufundi sekondari mjini Same mpaka alipostaafu, akarudi Suji kwenye shamba la baba, kwenye migomba na kahawa. Spana ya kwanza kuishika maishani niliipokea mkononi mwake. Nilipokuja kuwa fundi wa mashine za shamba huko tambarare, yeye alikuwa akiwaambia watu kwamba mdogo wake anatibu matrekta.

Hilo gari ni hadithi yake peke yake. Mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa amepanga nyumba jirani naye mjini Same aliondoka nchini akamwachia fremu ya mabomba na bodi la fibaglasi. Lilikuwa nakala ya yale magari madogo ya michezo ya Kiingereza ya zamani: viti viwili, halina paa, halina milango ya maana, mbele refu, nyuma fupi, na ukikaa ndani makalio yako yanakaribia ardhi. Kaka alilitia injini ya Korola iliyokufa bodi, akalitafutia ekseli, nyaya, usukani, kimoja kimoja, miaka na miaka. Watoto wake walikua na kuondoka nyumbani likiwa bado linasimamia mawe. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba watu wawili wenye nguvu waliweza kulinyanyua upande wa nyuma wakalisogeza kama kitanda. Alipofanikiwa kuliwasha, kijiji kizima cha Suji kilikuja kulitazama, na mchungaji akaliombea, ingawa wengi walishindwa kuelewa mtu mzima anataka nini na gari lisiloweza kubeba hata gunia la mahindi.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Alitaka ashuke mlima kwa gari lake mwenyewe, aingie lami pale Makanya, aende Same, anywe chai, arudi.

Kutoka Ndungu hadi Suji, kwa macho ni mlima tu unaotutenganisha, lakini barabara inakuzungusha. Nilipanda basi la kupitia Maore na Kisiwani hadi Same, nikapata gari jingine hadi Makanya, halafu bodaboda ikanipandisha. Chini kule jua linachoma na vumbi la jasi limetanda kila mahali. Ukifika juu ukungu unakupokea na unajuta kutobeba sweta.

"Shikamoo kaka. Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umechoka?" Shemeji alinipokea begi la spana. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, mwalimu mstaafu kama mumewe. Aliliweka begi chini, akasema bila kumtazama kaka, "Mimi nimeomba kigari hiki kiuzwe. Naona umekuja na vifaa, kwa hiyo maombi yangu hayakusikilizwa."

Kaka alicheka. Alikuwa ameshalipandisha gari juu ya mawe na kuvua magurudumu ya mbele. Nilikaa chini, nikavua dramu ya kulia.

Nieleze kidogo, kwa asiyejua. Dramu ni bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili, vipande vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo ukikanyaga pedeli vinatanuka na kulibana bakuli kwa ndani. Breki za namna hii zikichemka sana mteremkoni hulegea, na viatu vyake hukauka, vikang'aa kama kioo, na bakuli likabadilika rangi likawa la samawati. Nilitegemea kuona hayo. Nilipita kidole kwenye viatu. Vilikuwa vizima. Dramu ilikuwa na rangi yake ya kawaida. Nikaenda upande wa kushoto, hali ileile. Nikakagua paipu, nikakagua masta, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki. Hakuna palipovuja.

"Kaka," nikamwambia, "breki hizi hazijachemka."

"Zilichemka."

"Viatu vizima. Njoo uone."

Hakuja kuona. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, mkono mmoja ameuegemeza. "Nilikanyaga mpaka mwisho," alisema, "gari halikusimama. Wewe hukuwepo. Weka diski."

Akageuka kwenda ndani. Ndala ya mguu wa kulia ikabaki pale alipokuwa amesimama. Alitembea hatua kadhaa peku bila kujua, mpaka shemeji alipoiokota akamfuata nayo. Aliivaa bila kugeuka, na nikaona kwamba lile lilikuwa jambo walilokwisha kulizoea.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu ndizo nilizozikumbatia baadaye, nilipokosa nyingine. Tulishuka Same pamoja tukazunguka kwenye maduka ya spea za mtumba, tukapata habu, vile vitovu vya kufungia magurudumu, na kalipa za gari dogo lililokatwakatwa. Kalipa ni kama koleo. Inaikamata diski pande zote mbili. Diski zenyewe zilikuwa nene kupita haja, tukazipeleka kwa fundi kerezo nyuma ya stendi, akazipunguza na kuzichonga tundu jipya la katikati. Kaka alichora breketi za kushikia kalipa kwenye karatasi ngumu, akazikata kwa mkasi, akazijaribisha, akazikata tena. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa darasa lake.

"Gari jepesi ndilo gumu kuliko yote," aliniambia tukiwa tunakunywa chai kwenye kibanda, nikimkumbusha kwamba breki kubwa si lazima. "Lori lina uzito wa kulikandamiza chini. Hili halina. Ukiweka breki kali kuliko tairi, tairi linafunga, gari linateleza. Kwa hiyo tunaweka ndogo, lakini isiyochoka."

"Na za nyuma?"

"Za nyuma ziache dramu. Nyuma ikishika kabla ya mbele, gari linakugeuka."

Alijua kila kitu. Niliona pia kwamba kikombe alikuwa anakishika kwa mikono miwili, nikajiambia ni baridi, ingawa tulikuwa Same na watu walikuwa wanajipepea.

Tulifunga breki Suji, uani, chini ya bati la jikoni. Kazi ya mwisho ni kutoa upepo kwenye paipu, nayo haifanywi na mtu mmoja: mmoja anakanyaga pedeli, mwingine yuko chini anafungua na kufunga nati ndogo ya kalipa, mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Kaka aliingia kwenye kiti, mimi nikalala chini.

"Kanyaga," nikasema. "Shikilia."

Nikafungua nati. Mafuta yakatoka kidogo, yakarudi.

"Umeachia, kaka. Usiachie mpaka niseme."

"Sijaachia."

Tukarudia. Tukarudia tena. Kila mara pedeli ilikuwa inarudi juu kabla sijafunga, ikivuta upepo upya. Mwisho nilitoka chini nikiwa nimepandwa na hasira za fundi, nikamkuta ameinama, ameshika goti kwa mikono yote miwili, anausukuma mguu chini kama mtu anayeshindilia kigingi. Jasho lilikuwa linamtoka.

Shemeji alitoka jikoni, akafuta mikono kwenye kanga. "Toka, nikae mimi," akamwambia. Kaka akatoka. Shemeji akaketi kwenye lile gari alilotaka liuzwe, akavua viatu, akakanyaga nilipomwambia akanyage na akashikilia nilipomwambia ashikilie, na kazi ikaisha kabla ugali haujapoa.

Suji haina tambarare nyingi. Mahali pa kujaribia gari ni uwanja wa mpira, nao una mteremko upande mmoja, unaoishia kwenye majani ya ng'ombe ya mtu. Niliendesha mimi kwanza. Nikaongeza mwendo, nikakanyaga. Gari lilisimama kama limeitwa jina. Halikuvuta kulia wala kushoto. Pedeli ilikuwa ngumu kidogo chini ya mguu, lakini hivyo ndivyo diski zilivyo. Dramu hujisaidia: kiatu kikishagusa, mzunguko wa gurudumu lenyewe unakivuta kizidi kubana. Diski haijisaidii hata kidogo. Nguvu yote inatoka kwenye mguu wako. Niliyajua hayo tangu mwanzo, kaka naye aliyajua, alikuwa ameyafundisha miaka yote kwa chaki ubaoni.

Akaingia yeye. Akaenda taratibu, akazunguka uwanja, uso umemchangamka, kofia ameigeuza nyuma. Alipokuja upande wetu niliinua mkono kumwashiria asimame. Nilimwona akiuma midomo. Gari likatupita, halina kasi kabisa, mwendo wa mtu anayekimbia kidogo, likashuka ule mteremko, likaingia kwenye majani ya ng'ombe na kuzimika humo.

Tukakimbia. Alikuwa ameketi, mikono kwenye usukani, majani yamemfunika mpaka kifuani.

"Pedeli ngumu," alisema.

"Ngumu kidogo," nikakubali.

"Ngumu sana. Umefunga masta kubwa."

Shemeji aliingia kwenye gari, nikalisukuma likatoka, akaliwasha. Alikuwa anajua kuendesha, alijifunzia kwenye gari la shule zamani. Alizunguka uwanja mara moja, akaja moja kwa moja mbele ya mumewe, akakanyaga. Likasimama. Akazima. Akabaki amekaa, anatazama mbele.

"Siyo masta," alisema.

Tulirudi nyumbani. Jioni ile, tukiwa tunakula makande, kaka alisema mguu unamsumbua tangu msimu uliopita wa mvua. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Alikuwa anadhani ni baridi yabisi. Alikuwa anajichua kwa mafuta ya taa na tangawizi. Siku ile njia ya Makanya aliutuma mguu ukakanyage, na mguu ukakanyaga, lakini ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine.

"Kwa hiyo breki zilikuwa nzima," nikasema.

"Breki zilikuwa nzima," alisema kaka.

Nilimpeleka Moshi, hospitali kubwa. Walimpima damu, wakamwingiza kwenye mashine, wakamchoma sindano ndogo za umeme mikononi na miguuni. Mwisho tulikaa mbele ya daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliyemwamkia kaka shikamoo na kumvutia kiti yeye mwenyewe. Alimvua soksi na kumpandisha suruali hadi pajani. Akaweka kiganja chake chini ya wayo wa kulia.

"Sukuma mkono wangu, mzee, kama unakanyaga pedeli ya gari."

Kaka alinitazama. Kisha akasukuma. Niliona ngozi ya paja inachezacheza, inaruka ruka yenyewe kama maji yanayotaka kuchemka, lakini kiganja cha daktari hakikusogea.

Alitueleza pole pole. Mishipa inayopeleka amri kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye misuli ilikuwa inakufa, mmoja baada ya mwingine. Amri inatoka, haifiki. Kesho itakuwa mguu wa pili, kisha mikono, kisha kumeza na kusema.

"Kama paipu iliyotoboka," alisema kaka.

"Ni kama hivyo, mzee."

"Paipu hubadilishwa."

Daktari alimvisha soksi. "Hizi hazibadilishwi. Zipo dawa, tutakupa, lakini nisikudanganye. Hatutakuponya. Tutakusindikiza."

Kaka alimshukuru. Alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja, ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyethubutu. Kwenye basi la kurudi, tulipokuwa tunapita pale ambapo milima ya Upare inaanza kuonekana upande wa kushoto, aliniambia, "Kuna kitu kinaitwa busta."

Nilijua busta. Kila gari la siku hizi linayo: kopo kubwa jeusi nyuma ya masta, linavuta upepo kutoka kwenye injini na kuuongezea mguu nguvu. Magari mepesi ya zamani hayakuwekewa, hayakuihitaji.

"Kaka," nikasema, "umemsikia daktari."

"Nimemsikia. Amesema mguu utapungua nguvu. Basi tuongeze nguvu mahali pengine."

Ningeweza kumkatalia. Shemeji alinisihi nimkatalie, alinipigia simu Ndungu kunisihi, analia. "Unampa nini wewe?" aliniuliza. "Unampa breki ili afanye nini?" Nilikuwa na spana tu. Nilikuwa nimeshindwa kukaa Ndungu nikitengeneza pawatila za watu huku nikijua kwamba kule juu ya mlima kuna kazi moja ambayo bado inaweza kufanyika. Kwa hiyo niliitafuta busta ndogo, nikapanda nayo.

Kufikia wakati huo kaka alikuwa anatembelea fimbo. Hakuweza tena kuinama chini ya gari. Aliketi kwenye stuli na kunielekeza, na nikimwomba anipe spana alikuwa anaishika, anainyanyua, kisha spana inaanguka kwenye saruji kwa kishindo. Mara ya kwanza alitukana. Baadaye alikuwa anasema tu, "Imeanguka," na mimi naiokota.

Tulirudi uwanjani. Nilikaa naye pembeni safari hii, mkono wangu karibu na breki ya mkono. Alikwenda mwendo wa polepole. Nilimwambia, "Gusa tu, kaka. Gusa kama unagusa yai."

Tatizo ni kwamba kugusa ndiko kulikokwisha kumwishia. Mguu wake ulikuwa na mambo mawili tu, kulala au kuruka. Ukaruka. Busta ikafanya kazi yake, kalipa zikakamata, magurudumu ya mbele yakafunga mara moja, na lile gari lisilo na uzito likateleza kwenye changarawe kama sahani juu ya meza yenye maji. Tuligeuka robo duara na kusimama tukitazama goli. Vumbi likatupita.

Nilidhani atasema tupunguze busta, tubadilishe pedi za kalipa, tuweke kidhibiti kwenye paipu. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria breki ya kuvuta kwa mkono. Alibaki ametazama mikono yake juu ya usukani. Vidole viwili vya kushoto vilikuwa vimejikunja na havikunjuki.

"Nitoe," alisema.

Nikamtoa. Nilimbeba, kwa kweli. Mtu aliyenibeba mgongoni kunivusha mto nilipokuwa mdogo alikuwa mwepesi mikononi mwangu, mwepesi isivyo haki.

Ilipita miezi mingi gari likiwa chini ya turubai. Nilikuwa napanda kila nilipopata nafasi. Shemeji alijifunza kumgeuza, kumwosha, kumvisha. Binti yao alikuja kutoka Arusha akakaa, akarudi kazini, akaja tena. Watu wa kanisani walikuja kuomba, wengine kwa imani kubwa, wakimwambia asimame. Aliwavumilia. Mmoja alimletea dawa ya mizizi kutoka Gonja, akainywa ili asimvunje moyo.

Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nzito, maneno yanamwagika midomoni kama ya mlevi, siku aliponiambia anataka kushuka.

"Wapi?"

"Same. Wewe utaendesha."

Huko nyuma nilikuwa nimemwambia mara nyingi nitamwendesha, akakataa. Yeye si abiria, alisema. Sasa alikubali kuwa abiria, na kukubali kwake kuliniogopesha kuliko kukataa.

Tulimfunga kwenye kiti kwa kanga mbili za shemeji, moja kifuani, moja kiunoni, na mto nyuma ya shingo. Ilikuwa asubuhi safi, isiyo na ukungu, na ungeweza kuiona tambarare yote chini, mkonge na vichaka hadi kwenye upeo. Nilishuka polepole. Ile busta nilikuwa nimekwisha kuitoa. Breki zilikuwa laini, sawasawa, haziongei, haziungui. Kila kona gari liliinama kidogo mbele, likatulia, likaingia. Nimefunga breki nyingi maishani, za matrekta, za malori ya mpunga, na sijawahi kufunga nzuri kuliko zile. Nilitaka kumwambia. Nilimtazama. Macho yalikuwa barabarani, uso umekaza, shingo inatetemeka.

Tulipita pale kwenye ukingo alipogongesha zamani. Tulipita watu wanaopanda na mizigo, wakatupungia mkono, wengine wakasimama na kuvua kofia kana kwamba wanaona mazishi. Tukafika Makanya. Barabara ya lami ilikuwa pale mbele, mabasi ya Dar yanapita yakivuma, na kila likipita kigari kinatikisika.

Nilisimama kabla ya kuingia lami, nikamgeukia. "Kaka, tumefika. Kulia kwetu ni Same." Nikavuta tabasamu. "Chai?"

Alikuwa amelowa jasho, kanga ya kifuani imelowa kabisa, kama mtu aliyelima siku nzima.

"Nilikanyaga," alisema. Ilibidi niinamishe sikio ili nimwelewe. "Kila kona. Nilikanyaga. Kila kona."

Niliangalia chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelala upande, wayo juu, palepale nilipouweka asubuhi.

"Turudi," alisema.

"Lami hii hapa, kaka. Same siyo mbali."

"Turudi."

Nikageuza. Kupanda hakuna haja ya breki. Tulipofika nyumbani aliomba alazwe atazame ukuta. Tangu siku hiyo hakuwahi kulitaja gari. Shemeji aliniuliza nini kilitokea huko chini, nikamwambia hakuna kilichotokea, gari limeshuka vizuri na kupanda vizuri. Ndiyo kweli yenyewe. Alinitazama, akaenda kuanua nguo.

Gari lilichukuliwa na mtu wa Moshi aliyelitaka kwa ajili ya hoteli yake, aliweke mlangoni watalii walipigie picha. Alikuja na lori. Aliniuliza kama linaendeshwa. Nikamwambia linaendeshwa, na breki zake ni nzuri. Alisema breki hazina shida, halitakwenda popote, na vijana wake wakalinyanyua wakalipakia.

Kaka bado yupo. Watu wananiuliza kwa wakati uliopita, alikuwaje, alikuwa akifundisha nini, na lazima niwasahihishe. Yupo chumba cha mbele, dirisha linaloangalia migomba. Hasemi tena. Macho yanasema kidogo, juu ni ndiyo, chini ni hapana, na mara nyingi yamefungwa. Daktari wa Moshi alisema safari hii inaweza kuwa fupi au ndefu. Naona imekuwa ndefu. Shemeji amekonda mpaka watu wanadhani mgonjwa ni yeye. Binti anapiga simu kila jioni, shemeji anaiweka simu kwenye mto karibu na sikio la kaka, na binti anaongea peke yake mpaka salio linaisha.

Mimi napanda Jumapili. Naleta mchele wa Ndungu, shemeji anausaga, tunapika uji mwepesi. Kumlisha ni kazi yangu siku hiyo ili shemeji aende kanisani. Unamwinua kichwa kidogo, siyo sana. Unachota nusu kijiko. Unaweka nyuma ya ulimi, unangoja. Uji ukipita njia isiyo yake anakohoa mpaka anabadilika rangi, na hana nguvu za kukohoa, kwa hiyo unamgeuza haraka na kumpiga mgongoni na kuomba Mungu.

Jumapili iliyopita alifumbua macho nikiwa nimeshika kijiko. Alinitazama muda mrefu. Nikamuuliza, "Kaka, umeshiba?" Macho hayakwenda juu wala chini. Nikamuuliza, "Umechoka?" Yakaenda juu, yakabaki huko.

"Nami nimechoka, kaka," nikamwambia.

Nilisikia wanaimba kanisani, upande wa pili wa bonde. Nikafuta kidevu chake kwa kitambaa, nikachota tena nusu kijiko, nikaweka nyuma ya ulimi, nikangoja kuona kama koo litapanda.